Trekta ya majani inatoa moshi wa buluu: kufungua motere ao kununua ingine?

Swali: Jambo Papa Fundi. Ninasimamia kiwanja cha shule hapa Lubumbashi. Tuna trekta ndogo ya kukata majani, ile mtu anakaa juu yake, motere ya silinda moja, supapi (valvu) za juu, nguvu farasi 17. Tuliinunua ikiwa imetumika. Toka mvua za mwaka huu inatoa moshi wa buluu, inakunywa karibu nusu lita ya mafuta kwa siku moja ya kazi, na kwenye majani mazito inachoka. Fundi wa jirani amesema segmenti zimekwisha, nitafute motere ingine. Kuna mtu ananiuzia mpya, ya mashine ya kusaga mahindi. Nifanye nini? Na ni kweli mafuta mazito yanazuia moshi?

Jibu: Papa, usitoe pesa kwanza. Moshi wa buluu unasema jambo moja tu: mafuta ya motere yanaungua ndani ya silinda. Hausemi yamepitia wapi. Fundi wa jirani ameona moshi akataja segmenti, zile pete za pistoni, na huenda ana haki. Lakini segmenti ni mlango mmoja kati ya kadhaa, na ndio wenye gharama kuliko yote. Mimi naanzia kwenye ile ya bure.

Asubuhi, motere ikiwa baridi, chomoa kijiti cha mafuta, tazama kimo chake, kisha unuse. Mafuta yakipita alama na kunuka esansi (petroli), maana yake sindano ya kabureta haifungi, na usiku esansi inateremka toka tanki mpaka tumboni mwa motere. Hapo mafuta yanakuwa mepesi kama maji na moshi unatoka kama wa tanuru la makala. Wewe unasema yanapungua, kwa hiyo sitegemei hilo, ila kunusa hakulipishwi.

Sasa fungua kisanduku cha filtri ya hewa. Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni mafuta: kama filtri imelowa, basi kuna presha tumboni mwa motere inayosukuma mafuta kupitia mpira wa kupumulia. Cha pili, toa filtri kabisa na upitishe kidole ndani ya njia ya hewa, upande wa kabureta. Kidole kikitoka chekundu, nakupa pole. Ni vumbi letu la Lubumbashi, lile la mwezi wa tano kuendelea, mvua ikishakatika na majani yakikauka. Likipita filtri linachanganyika na mafuta, linakuwa msasa, na msasa huo unakula silinda, pistoni na segmenti kwa pamoja. Nimefungua motere za viwanja vya hapa ambazo hazikuwa na kosa lolote la kiwandani. Zilikuwa zimevaa filtri iliyochanika, ao kipande cha sponji ya godoro mahali pa filtri.

Kidole kikitoka safi, kuna mshukiwa ninayempenda kuliko segmenti: gasketi ya kulasi, ile karatasi ya kuzibia kati ya silinda na kichwa chake. Kwenye motere za aina yako, kati ya tundu la silinda na njia ya vile vijiti vinavyosukuma supapi kuna ukuta mwembamba sana. Gasketi ikiungua pale, moto wa silinda hautoki nje ukauona. Unapenya kwenye njia ya vijiti, unashuka tumboni, unasukuma mafuta kwenye filtri, kabureta inayameza, na wewe unaona moshi wa buluu na nguvu kupungua. Dalili zote ni za segmenti. Mara nyingi chanzo ni joto: majani makavu yanajaa chini ya kifuniko cha feni, yanaziba mapezi ya silinda, motere inajipika. Ondoa kifuniko hicho utazame. Usishangae ukikuta kiota cha panya.

Kuhusu kupima kompresyo, yaani jinsi silinda inavyobana hewa: fundi akichomeka saa ya presha, akazungusha motere kwa ufunguo na kusema kompresyo imekwisha, usimwamini haraka. Motere hizi zina kidude kwenye kamshafti (mhimili unaofungua supapi) kinachoinua supapi kidogo wakati wa kuwasha ili starta isiteseke. Saa itasoma chini hata motere ikiwa mpya. Kipimo cha kweli ni cha kuingiza hewa. Chukua buji (plagi ya cheche) ya zamani, vunja udongo wake mweupe, uchomelee kichwa cha mpira wa kompresa. Weka pistoni juu kabisa supapi zote zikiwa zimefungwa, toa mkanda wa visu, toa waya wa batri, funga mhimili usizunguke (hewa ina nguvu ya kuuzungusha, na vidole havina pyesi, yaani vipuri, za kubadilisha), ndipo ufungue hewa. Sikiliza. Ikivuma kwenye bomba la moshi, ni supapi ya kutolea. Kwenye kabureta, ni supapi ya kuingizia. Pembeni mwa kulasi, pakaza sabuni uone mapovu. Ikivuma kwenye tundu la kujazia mafuta, hapo ndipo mtego ulipo: inaweza kuwa segmenti, inaweza kuwa ile gasketi, kwa kuwa hewa zote mbili zinaishia tumboni.

Kwa hiyo unatoa kulasi. Ni kazi ya asubuhi moja, motere ikiwa palepale kwenye shasi. Tazama gasketi kwenye ule ukuta mwembamba. Ukikuta mstari mweusi ulioungua, una bahati. Lalisha kulasi juu ya kioo chenye msasa laini uone kama imepinda, uinyooshe kwa kuisugua taratibu, weka gasketi mpya, funga bulo (boliti) kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa ufunguo wa kupimia nguvu. Rekebisha nafasi za supapi kwa vipimo vya kitabu cha motere hiyo, maana zikiachia sana kile kidude cha starta hakifanyi kazi tena.

Ukikuta gasketi ni nzima, sasa tunapima. Kwanza sumaku: iguse kwenye ukuta wa silinda. Ikishika, ndani kuna bomba la chuma na silinda inaweza kuchongwa. Isiposhika, ni aluminiumu tupu, na kwangu mjadala umefika karibu na mwisho. Kisha mpelekee mkereza vyuma silinda apime kipenyo mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali pande mbili. Silinda ikiwa imepanuka zaidi ya milimita 0.076 juu ya kipimo chake cha kiwandani, segmenti mpya peke yake ni kumwaga pesa, moshi utarudi. Ya chuma inachongwa kufuata pistoni kubwa zaidi, kawaida kwa hatua za milimita 0.25. Pata pistoni kwanza mkononi, ndipo uchonge. Nimeona silinda nzuri imechongwa kwa kipimo ambacho pistoni yake haikufika kamwe kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Hapohapo tazama vilebrekeni, ule mhimili mkuu wa motere, mahali biyeli (mkono unaouunganisha na pistoni) inaposhika. Nyingi za motere hizi hazina kusineti, yaani beringi za bamba: aluminiumu ya biyeli inazunguka moja kwa moja juu ya chuma. Ukiona mikwaruzo ambayo ukucha unanasa, ao aluminiumu imegandia, usiifunge tena. Biyeli ikivunjika inatoboa ukuta na hapo hubaki na hata chuma cha kuuza. Ikiwa silinda na vilebrekeni vyote viwili vimekwisha, nunua motere ingine. Kimoja tu, hesabu pyesi na kazi. Zikipita nusu ya bei ya motere mpya, mimi nanunua.

Lakini si ile ya mashine ya kusaga. Mhimili wake umelala, unatoka ubavuni. Wa trekta yako umesimama, unatoka chini kuelekea mikanda. Ukiilaza ile ya kinu ili mhimili utazame chini, mafuta hayatakaa mahali pake na itakufa siku ya kwanza. Tafuta ya mhimili wa kusimama, na kabla ya kulipa uwe na vipimo vya ya zamani kwenye karatasi: unene wa mhimili (kwa trekta nyingi za kiasi hicho ni milimita 25.4), urefu wake (karibu 80), upana wa ufunguo wa puli, tundu la bulo la chini, na duara la bulo za kukalia. Tofauti ya urefu wa sentimita moja inatosha kupotosha mstari wa mikanda.

Nguvu usishushe. Motere inapoteza karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda, na Lubumbashi iko juu ya mita 1,200. Farasi wako 17 hapa ni chini ya 15. Ukinunua ya 13 kwa sababu ni rahisi, utafanya kazi na 11.

Upande wa umeme ni mfupi lakini unaua: waya wa kuzimia unaokwenda kwenye koili ya cheche usiguse batri hata mara moja, koili inaungua. Na hakikisha motere mpya ina koili ya kuchaji batri, hasa kama visu vyako vinawashwa kwa klachi ya umeme.

Mafuta mazito? Yatapunguza moshi kwa wiki chache, ndiyo maana wauzaji wa vitu vilivyotumika wanayapenda. Huenda hata wewe uliuziwa hivyo. Kwa joto letu weka SAE 30 ya kawaida. Motere ikiwa mpya, mwaga mafuta uweke mengine baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 50. Filtri, vitabu vinasema kila saa 25. Kuanzia mwezi wa tano, wewe ifungue kila jioni.