Kaa na mgonjwa wa kompyuta kabla hujabofya

Wengi wenu mliokuja Uganda kusomea udaktari mtakutana na mgonjwa wa kompyuta, yaani mgonjwa wa kuigiza ndani ya programu, kabla ya kumgusa wa wodini. Unachagua maswali ya kumuuliza, unampima, unaagiza vipimo, kisha unaandika ugonjwa. Nawaomba sana, msimgeuze kuwa mtihani wa kubahatisha jibu.

Anachofundisha ni kufikiri, na kufikiri kunataka daftari. Ukishasoma malalamiko ya kwanza, simama. Andika magonjwa matatu unayoyashuku, na mbele ya kila moja, kitu ambacho ukikikuta utaufuta ugonjwa huo. Ndipo uendelee. Usipoandika, jibu likitokea utajiaminisha kwamba ulikuwa unalijua.

Chukua kesi ya mtoto wa miaka miwili kutoka upande wa Mbale, mashariki mwa Uganda, homa siku ya tatu. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Karibu kila mwanafunzi ninayekaa naye hubofya dawa mseto hapo hapo na kufunga kesi. Lakini vipimo vingi vya aina hiyo husaka protini ya kimelea iitwayo HRP2, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa akapona. Na mtoto huyu alitibiwa malaria wiki mbili zilizopita. Mama angesema, ila hakuulizwa. Tena anapumua mara 52 kwa dakika, wakati kwa umri wake kuanzia 40 tayari ni kasi. Ni nimonia? Ni malaria kali inayomfanya aheme? Ni vyote viwili? Kifua kinabonyea anapovuta pumzi? Mkojo una rangi gani? Huko mashariki wapo watoto wa malaria wanaokojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, na swali hilo lisilogharimu chochote linaweza kukuonyesha mtoto anayehitaji kuongezewa damu haraka. Kesi moja ya namna hii, ukiitafuna saa nzima, inazidi kumi za kukimbiza.

Kwenye skrini kila kipimo kipo, hata CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Jiwekeeni sharti: agizeni kana kwamba mko kituo cha afya cha daraja la tatu, pasipo eksirei. Tena mfanye wawili wawili, mmoja ashike kipanya, mwenzake adai sababu ya kila mbofyo. Hata bando mtachangiana.

Yapo asiyoyaweza mgonjwa wa kompyuta. Anajibu moja kwa moja, wala hamhitaji mkalimani wa Kinyankole au Kiacholi. Hana mapafu ya kusikiliza. Kwa hiyo siku hiyo hiyo mliyomaliza kesi ya nimonia, nendeni wodi ya watoto, ombeni ruhusa kwa nesi wa zamu na kwa mama, msubiri mtoto anyamaze kulia, kisha mmoja atazame saa na mwingine ahesabu pumzi dakika nzima.