Mtoto aliyezaliwa bila kulia: je, kupozwa mwili kungemfaa?

SWALI: Daktari, binti yangu alijifungua mwezi uliopita baada ya uchungu wa muda mrefu. Mtoto alitoka kimya, wauguzi wakamsaidia kupumua kwa mfuko wa hewa, na siku hiyohiyo akapatwa na degedege. Tuliambiwa ubongo ulikosa oksijeni. Kijana wangu aliyeko Uingereza anasema huko mtoto wa namna hii hupozwa, ilhali mjukuu wangu alifunikwa apate joto. Je, alinyimwa tiba, na bado yawezekana?
Bibi wa mtoto, Likoni, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama. Kijana wako amesema kweli. Huko Uingereza, mtoto aliyetimiza takriban wiki 36 tumboni na mwenye dalili za wastani au kali hushushwa joto la mwili hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, kisha hupashwa polepole. Seli za ubongo hazifi zote papo hapo. Mtoto akishapata hewa hupita saa chache za utulivu, ndipo uharibifu wa pili uanze, na huo ndio unaopunguzwa na ubaridi. Kwa hiyo tiba hii huanzishwa ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa, na kwa mjukuu wako wakati wake umekwisha.

Kuhusu kunyimwa, sijaliona faili lake, lakini nisingeharakisha kulaumu. Utafiti uitwao HELIX, uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2021, uliona kwamba kati ya watoto waliopozwa walifariki asilimia 42, na kati ya wasiopozwa asilimia 31, yaani faida inayotarajiwa Uingereza haikuonekana huko. Kumpulizia hewa mapema, kuzuia degedege na kuangalia sukari ya damu ni tiba zenye uzito wake.

Sasa mpelekeni kliniki ya watoto, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani, mkiwa na karatasi za kuruhusiwa kutoka wodini, ili wapime usikivu na uoni, na wafuatilie anavyonyonya, anavyokaza shingo na kama viungo vinakakamaa au kulegea, kwa kuwa mazoezi ya viungo hufaa zaidi yakianza mapema. Dawa ya degedege msiikatize bila daktari. Na kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani, ikiwa mmeshauriwa kumpa, kwa heshima zote, lisitiwe kinywani mwa mtoto wa umri huu, ambaye maziwa ya mama yanamtosha na ambaye, ikiwa kumeza kwake ni dhaifu, anaweza kupaliwa hata na maji kidogo.