Mkuu, acha kilomita, hesabu mita za majani

Mkuu umeuliza kwa nini redio zako za kurusha intaneti za gigahezi 5.8 kati ya Moshi mjini na Uru zinashika kwa shida, na ramani inasema ni kilomita 3 tu. Mimi yalinikuta Kibosho, hukohuko Kilimanjaro.

Yangu ilikuwa kilomita 2.3. Kwa hesabu ya hewa tupu, upotevu wa nguvu ya mawimbi ni kama desibeli 115 (desibeli ndiyo kipimo chake). Redio inatoa 24, madishi mawili 23 kila moja, nikategemea kupokea -45 (namba ikiwa karibu na sifuri ndiyo nzuri). Nikapanda juu ya bati, nikageuza dishi mpaka shingo ikauma: -63. Nikabadilisha waya, nikaazima hata redio nyingine. -63 ileile.

Kumbe desibeli 18 zilikuwa zinaliwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kwa jirani. Migomba haikuwa na neno, dishi lilipita juu yake. Shida ni mparachichi mkubwa na nyuma yake mstari wa miti ya migrevilea ya mpakani. Nikashuka nikapima kwa hatua, nikifuata uelekeo wa dishi: kama mita 30 za majani.

Hapo ndipo modeli ya Weissberger (1982), kanuni ya kukadiria mawimbi yanavyopotea kwenye miti, inaingia. Kwa majani ya kuanzia mita 14 hadi 400, upotevu = 1.33 × f^0.284 × d^0.588, f kwa gigahezi, d kwa mita. Weka 5.8 na 30, unapata desibeli 16. Kanuni ya zamani ya ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) inakupa karibu 21. Mimi nilikuwa katikati, sikulalamika.

Angalia hicho kipeo cha 0.588. Majani yakifika mita 60 hupati 32, unapata kama 24. Mita za mwanzo ndizo zinazokuua, kwa hiyo kukata matawi nusu hakukuokoi kama unavyodhani.

Ila modeli hiyo ilitokana na miti yenye majani yasiyolowa maji, ya nchi za baridi. Masika ya Kibosho haiyajui. Mvua ikinyesha mimi nilishuka hadi -70, na ikikatika bado ilibaki hivyo mpaka majani yakauke. Upepo nao ukivuma namba inacheza kama mizani ya sokoni. Acha akiba ya desibeli 10 hivi juu ya hesabu.

Nilimwendea meku (mzee) mwenye mparachichi, nikamwomba tupunguze matawi. Akanijibu, "Kijana wangu, huu ndio ada ya wajukuu. Hiyo intaneti yako itafute njia nyingine." Alikuwa na haki. Nikahamishia nguzo upande wa pili wa nyumba, nikaongeza mita 6, nikapata -49.

Kushuka masafa kunasaidia (megahezi 900 kwa mita zilezile 30 ni kama desibeli 9.5), ila hayo ni ya makampuni ya simu, usiyaguse. Na usidanganyike kwamba mnara unauona kwa macho: kwa njia kama yangu mawimbi yanahitaji uwazi wa mita 5 na nusu kuzunguka mstari pale katikati. Tawi lisilokuziba jicho linaweza kuziba redio.

Kapime hatua zako, ulete hapa pamoja na urefu wa nguzo zote mbili, tupige hesabu.