Jibu: Hofu ya chakula Krismasi hii nyumbani

Dada yangu, umeuliza ufanyeje ili safari ya Krismasi kwenda Moshi isikutie hofu, kwa kuwa mwaka jana kila sahani ya pilau ilifuatwa na majuto, nawe sasa umeanza kujinyima mapema ili kufidia utakachokula. Naomba tuanzie hapo hapo: acha kujinyima. Mwili ulioshindishwa njaa hudai haki yake, na aliyeruka chai ya asubuhi ndiye anayekula ndafu jioni bila kusikia shibe, kisha hujilaumu na kesho yake akajinyima tena. Kunywa chai na kitafunwa, mchana pata mtori, ndipo ukae na wenzako ukiwa na njaa ya kawaida.

Mizani usiipande siku hizo. Chumvi hushikilia maji mwilini, na wanga unaowekwa akiba kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji yenye uzito wa takriban mara 3 ya wanga wenyewe, kwa hiyo kilo inayoongezeka ghafla kwa sehemu kubwa ni maji.

Shangazi akisema umenenepa (wazee wengi husema hivyo kwa upendo, ingawa inauma), mwamkie kwa adabu na umuulize habari za shamba. Huna wajibu wa kuueleza mwili wako.

Lakini ikiwa unajitapisha au unatumia dawa za kuharisha baada ya kula, hilo si jambo la kujikaza, kwani hupunguza potasiamu na huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usisubiri Januari, nenda hospitali yenye kliniki ya afya ya akili, umweleze daktari waziwazi.