Maswali Yenu: Video Unapoitaka, Bila Kufilisika

Kituo cha televisheni hakijali watazamaji ni wangapi. Kwa nini kwenye huduma yangu ya video kila mteja mpya ni gharama?

Televisheni hurusha mkondo mmoja, wote wakautazama. Wewe unamfungulia kila mtu bomba lake. Filamu ya saa mbili kwa megabiti 2 kwa sekunde ni gigabaiti 1.8, wakiitazama watu elfu, umetoa terabaiti 1.8. Time Warner, kampuni ya habari na burudani, walijaribu huduma ya namna hii Orlando, Marekani, Desemba 1994, wakiwa na nyumba zipatazo 4,000. Mwaka 1997 wakafunga. Mitambo ilifanya kazi. Hesabu ndizo zilizogoma.

Watu hawawezi kutumia mkondo mmoja, na bado kila mtu akasimamisha anapotaka?

Wanaweza, na hapa ndipo penye utamu. Njia kongwe ni kuianzisha upya filamu hiyo ya dakika 120 kila baada ya dakika 10. Mikondo 12 inatosha, wawe watazamaji mia au laki. Ila mtu atasubiri hadi dakika 10, na akisimamisha dakika 3 kufungua mlango, huenda asipate mkondo uliofika pale alipoachia.

Mimi napendelea kiraka. Aliyechelewa dakika 4 anaudaka mkondo unaoendelea na kuuhifadhi kwenye kifaa chake, huku akiletewa peke yake zile dakika 4 alizokosa. Zikiisha, kiraka kinakatwa, naye anatazama kutoka kwenye akiba yake. Kusimamisha na kurudi nyuma kidogo humalizwa na kifaa, seva haina habari. Sharti moja, nalo si dogo: mtandao uwe mikononi mwako, kama wa kebo au wa chuo. Kwenye intaneti ya wazi njia hiyo haipitiki. Huko weka nakala za filamu zinazopendwa karibu na watazamaji.

Mtu akipeleka mbele kwa kasi je?

Usimtumie video, mtumie vijipicha. Akiachia kidole ndipo umpe kipande cha pale alipofika. Kila kipande kianze na picha kamili, vinginevyo kifaa hakina pa kuanzia. Vipande vifupi huruka upesi lakini data yake haipungui vizuri ikibanwa. Sekunde 4 zinanitosha.

Nianze na 4K, ile video ya picha kali sana?

Hapana. Kwanza video isikwamekwame.