Maswali ya Wasomaji: Je, Timu Ambayo Haijapoteza Inafaidika Ikifungwa?

SWALI: Mimi ni kocha wa timu ya mpira wa miguu ya kata, mkoani Morogoro. Msimu huu tumecheza michezo 11, tumeshinda 8 na kutoka sare 3. Baada ya wiki tatu tutacheza nusu fainali ya mtoano. Wazee wa timu wamenishauri nitafute mchezo wa kirafiki na timu ya daraja la juu ili tufungwe, vijana watolewe mkosi na kiburi kiwaishe mapema. Wanatoa mfano wa Argentina, iliyofungwa na Saudi Arabia kisha ikatwaa Kombe la Dunia, na wa Yanga, iliyofungwa na Ihefu kisha ikaifunga Simba mabao 5. Je, ni kweli kwamba timu ambayo haijapoteza hufaidika ikifungwa mchezo mmoja?

JIBU: Mwalimu, wafikishie wazee wako shikamoo yangu, kwa sababu jambo waliloliona lipo. Timu iliyokaa muda mrefu bila kupoteza huanza kubeba mzigo ambao hauonekani kwenye msimamo wa ligi. Ninapotofautiana nao ni kwenye dawa. Kipigo chenyewe hakina faida. Faida, ikiwapo, hutoka kwenye kazi inayofanywa na benchi la ufundi baada ya kipigo, na kazi hiyo hiyo inaweza kufanywa baada ya ushindi bila kupoteza pointi wala kombe.

Tuanze na Argentina. Tarehe 22 Novemba 2022, katika uwanja wa Lusail nchini Qatar, iliingia ikiwa imecheza michezo 36 bila kupoteza. Ilitangulia kwa penalti ya Lionel Messi, ikakataliwa mabao matatu kwa kuotea katika kipindi cha kwanza, kisha ikafungwa mawili dakika chache tu baada ya mapumziko. Siku nne baadaye, dhidi ya Mexico, kocha Lionel Scaloni alibadilisha wachezaji watano katika kikosi kilichoanza. Alexis Mac Allister alipewa nafasi kwenye kiungo, na Enzo Fernández akatokea benchi akafunga bao la pili. Mchezo uliofuata, dhidi ya Poland, Enzo na Julián Álvarez walianza wote wawili, na vijana hao watatu ndio waliokuwa uwanjani filimbi ya kuanza fainali ilipopulizwa.

Kwa maoni yangu, kipigo kile kilimpa Scaloni ruhusa. Kocha ambaye timu yake imemaliza michezo 36 bila kupoteza, akimweka benchi mchezaji aliyezoeleka, huulizwa na kila mtu kwa nini anaharibu kitu kinachokwenda vizuri. Akishafungwa, watu wale wale ndio wanaomdai mabadiliko. Lakini wachezaji wale watatu walikuwa kambini tangu siku ya kwanza, na uwezo wao haukuletwa na Saudi Arabia. Zaidi ya hayo, kipigo kile kilitokea katika hatua ya makundi, ambako bado kulikuwa na michezo miwili ya kujirekebisha. Kama kingetokea katika hatua ya 16 bora, Argentina ingepanda ndege, na leo wazee wako wasingekuwa na mfano wa kutoa. Hilo ni muhimu kwako kuliko mengine yote, kwa kuwa unakwenda kwenye mtoano.

Mfano wa Yanga una mambo mengi zaidi, na wengi wetu tunaukumbuka kwa kuuchanganya. Yanga imefungwa na Ihefu mara mbili kule Ubaruku, Mbarali, na mara zote mbili kwa mabao 2-1. Kipigo cha kwanza, cha tarehe 29 Novemba 2022, kilitokea wiki moja kamili baada ya kile cha Argentina na kilikatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza, uliokuwa umeanza baada ya kufungwa na Azam mwezi Aprili 2021. Ndani ya mfululizo huo kulikuwa na msimu mzima wa 2021/22, ambao Yanga ilichukua ubingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja. Kipigo cha pili ni cha tarehe 4 Oktoba 2023, na hicho ndicho wazee wako wanachokitaja, kwa sababu mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Novemba, Simba ilifungwa 5-1.

Je, mabao yale matano yalitoka Mbarali? Mwezi Agosti mwaka huo huo, kabla ya safari ya Mbarali, Yanga ilikuwa imeifunga KMC 5-0 na JKT Tanzania 5-0. Timu ya kufunga matano ilikuwa imeshajengwa. Ilipoteza siku moja, kisha ikarudi kwenye kiwango chake. Hapa ndipo akili zetu zinapotudanganya, mwalimu, na ninaomba uwaeleze wazee taratibu. Chukua timu yenye uwezo wa kushinda michezo minane katika kila kumi. Ikifungwa leo, uwezekano wake wa kushinda mchezo unaofuata ni ule ule, minane katika kumi. Kwa hiyo mara nyingi baada ya kipigo utaona ushindi, nawe utasema kipigo kimewazindua, ilhali wangeshinda hata kama wasingefungwa. Mganga anayempa dawa mgonjwa wa mafua siku ya tano husifiwa kwa njia hiyo hiyo.

Ukitaka kuujaribu ushauri wa wazee kwa haki, tafuta timu mbili zilizofungwa katika hali inayofanana kisha utazame kilichofuata. Bahati nzuri zipo. Arsenal nayo ilifikisha michezo 49 ya ligi bila kupoteza, idadi ile ile ya Yanga, kabla ya kufungwa 2-0 na Manchester United pale Old Trafford tarehe 24 Oktoba 2004. Yanga, baada ya Ihefu ile ya kwanza, ilipoteza mchezo mmoja tu wa ligi hadi mwisho wa msimu, mbele ya Simba mwezi Aprili, ikachukua ubingwa kwa pointi 78 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Arsenal ilitoka sare na Southampton katika mchezo wa ligi uliofuata, ikatoka sare tena na Crystal Palace, na ikamaliza msimu nyuma ya Chelsea kwa pointi 12. Idadi ya michezo ni moja, kipigo ni kimoja, lakini kilichofuata ni mbingu na ardhi. Kama kufungwa kungekuwa dawa, kusingemponya mmoja na kumlaza mwingine.

Na Yanga yenyewe inatupa ushahidi wa upande wa pili. Msimu wa 2024/25 ilishinda michezo yake minane ya mwanzo ya ligi bila kuruhusu bao. Tarehe 2 Novemba 2024 ilifungwa 1-0 na Azam, katika mchezo ambao ilibaki na wachezaji kumi tangu kipindi cha kwanza. Kama kipigo kingekuwa kinazindua, siku tano baadaye tungeona timu iliyozinduka. Tuliona Tabora United ikishinda 3-1. Kabla ya mwezi huo kwisha, kocha Miguel Gamondi, aliyekuwa ameshinda ile 5-1, alikuwa ameondolewa. Ubingwa ulikuja mwishoni, lakini si kwa mkono wake.

Sasa nirudi kwenye mzigo niliosema, kwa sababu huo sitaki uupuuze. Niliwahi kuwa beki wa kushoto katika ligi ya kata, timu yetu ikiwa haijapoteza msimu mzima. Mchezo wa mwisho tulihitaji ushindi. Sare isingetupa ubingwa. Tulikuwa 1-1, zimebaki dakika kama kumi na tano. Mstari wa kati ulikuwa umechorwa kwa majivu na tayari ulikuwa umefifia kwa kukanyagwa, nami nakumbuka nimesimama juu yake, winga wetu akiniita nipande, nami sipandi. Miguu ilikuwa na nguvu. Nilikuwa naiogopa nafasi ambayo ningeiacha nyuma yangu. Kiungo wetu aliyezoea kupenyeza pasi mbele akaanza kumrudishia kipa mpira. Nahodha akaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona kana kwamba sisi ndio tulioongoza. Filimbi ikalia, tukawa hatujapoteza, na tukawa wa pili. Hakuna aliyetuagiza tucheze vile. Rekodi ndiyo iliyotuagiza.

Ugonjwa ule ni mkubwa kuliko ligi za kata. Perugia ya Italia ilicheza msimu wote wa 1978/79 wa Serie A bila kupoteza, michezo 30, na haikuwa bingwa, kwa sababu michezo 19 kati ya hiyo ilikuwa sare. Milan, iliyokubali kupoteza mara chache, iliipita kwa pointi 3. Katika Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, timu pekee ambayo haikupoteza hata mchezo mmoja ilikuwa New Zealand, iliyotoka sare michezo yake mitatu ya kundi na kurudi nyumbani, wakati Hispania, iliyofungwa 1-0 na Uswisi katika mchezo wake wa kwanza, ilibeba kombe. Najua wazee wako wataupenda mfano huu wa Hispania. Waambie kwamba Hispania haikutafuta kufungwa. Ilitafuta kushinda, na anayetafuta kushinda kwa dhati hujiweka mahali ambapo anaweza pia kufungwa. Tangu ushindi uwe na thamani ya pointi 3, ushindi mmoja na kipigo kimoja ni pointi 3, na sare mbili ni pointi 2. Kwa hiyo, mwalimu, zile sare zako 3 ndizo ningezichunguza kwanza kabla ya kutafuta mtu wa kuwafunga. Je, katika dakika ishirini za mwisho vijana wako walikuwa wakitafuta bao, au walikuwa wakiilinda rekodi?

Mchezo wa kirafiki na timu ya daraja la juu ucheze, kwa sababu utawafundisha kasi na kuonyesha mabeki wako wanavumilia presha kiasi gani. Lakini usiucheze kwa nia ya kufungwa. Vijana wana masikio. Wakisikia kwamba wazee wanataka wafungwe, wataelewa kwamba watu wao wenyewe hawawaamini, na hilo halitoki kwa maji ya kuoga. Badala yake, chukua ushindi wenu wa karibuni kabisa na uujadili kama mliopoteza. Wakalishe chini ya mti, umuulize kila mmoja mpira mmoja alioupoteza na sababu yake. Ukikuta kuna mchezaji ambaye ungembadilisha kama mngefungwa, mbadilishe sasa.

SWALI: Nauliza kutoka Kisumu. Gor Mahia ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2015 bila kupoteza, na timu yetu ya mtaa ingependa kuiga. Tayari tumejihakikishia ubingwa wa ligi yetu huku michezo miwili ikiwa imebaki, lakini pia tuna fainali ya kombe. Je, kocha apumzishe wachezaji wakubwa hata kama rekodi itavunjika?

JIBU: Ndugu, Gor Mahia ya 2015, Azam ya 2013/14 na Yanga ya 2021/22 zinatosha kuonyesha kwamba inawezekana kufika mwisho bila kuonja kipigo, na bingwa hakukosa chochote. Kuhusu kupumzisha, swali lako lina historia katika mpira wa Kimarekani. Tarehe 27 Desemba 2009, Indianapolis Colts walikuwa wameshinda michezo yote 14 na walikuwa wakiongoza 15-10 dhidi ya New York Jets, kocha alipomtoa Peyton Manning, mchezaji aliyeongoza mashambulizi yao, na wenzake ili wasiumie. Walipoteza 29-15, na mashabiki wao wenyewe wakawazomea. Walifika fainali wakiwa wazima, wakafungwa na New Orleans Saints. Baadhi ya watu walisema Colts waliadhibiwa kwa kuiacha rekodi. Lakini Saints nao walikuwa wameshinda michezo 13 ya mwanzo kabla ya kupoteza yote mitatu ya mwisho, na ndio waliobeba kombe.

Kwa hiyo amueni kwa kutazama miili. Mwenye goti linalouma, mwenye kadi inayoweza kumkosesha fainali, apumzike. Aliye mzima na anayetaka kucheza, acheze. Na kocha awaambie wachezaji uamuzi huo siku ya mazoezi, uso kwa uso, pamoja na sababu zake, wasije wakausikia kikosi kinaposomwa siku ya mchezo. Na rekodi ikivunjika, msiogope, fainali bado inaweza kushindwa: Bayer Leverkusen ya Ujerumani ilicheza michezo 51 ya mashindano yote bila kupoteza, ikafungwa 3-0 na Atalanta katika fainali ya Ligi ya Europa kule Dublin tarehe 22 Mei 2024, na siku tatu baadaye ikaingia Berlin kucheza fainali ya Kombe la Ujerumani dhidi ya Kaiserslautern. Granit Xhaka alifunga mapema, wenzake wakabaki kumi baada ya kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na wakalilinda bao hilo moja hadi mwisho.