Keekee ya kusimama ya mtumba: ishike shafti kabla ya kulipa

Ndugu wa Malindi, nimekuelewa: keekee unayouziwa inatoboa chuma mashimo mapana kuliko biti. Zima mota, shika shafti, ule mhimili unaozungusha biti, uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, huenda beringi zimekwisha, na hizo hubadilishwa. Shafti yenyewe ikiwa imepinda, iache.

Yangu niliinunua Lamu, nguzo imeliwa na chumvi ya bahari. Niliisugua kwa msasa na mafuta, nikatia mkanda mpya, ikatulia. Kwenye chuma, biti ya milimita 12 yataka mizunguko 600 hivi kwa dakika: mkanda uwe kwenye puli (gurudumu la mkanda) ndogo upande wa mota, na kubwa upande wa shafti.

Tafadhali, kipande unachotoboa kibane kwa jiliwa, kile kifaa cha kubania. Nimeona bamba likizunguka na biti, likamkata fundi vidole. Mota ikiwa ya feizi tatu (umeme wa nyaya tatu zenye moto), mwite fundi umeme kwanza.